Nani kadisko?

Wadau, leo sina utani. Rumeti wangu kafungasha, kapanda basi hapa Lushoto kushuka Mombo. Korido nzima: "Jamaa kadisko!" na vicheko juu.

Hebu tulicheki hilo neno. Limetokana na kitenzi cha Kiingereza, discontinue. Waingereza walikitoa kwa Wafaransa, asili yake Kilatini: kutenganisha kilichounganishwa. Halina undugu na disko la muziki! Na kwa Kiingereza chuo ndicho hutenda, mwanafunzi hutendewa. Sisi tumegeuza, eti kadisko mwenyewe, kama kajiendea dansini.

Wazembe wapo, sikatai. Ila sie walimu watarajiwa kauli ya kutendwa tunaijua. Tuseme: kaondolewa chuoni. Hapo ndipo utauliza: na nani? Kwa nini?

Haya, tuonane kantini.