Kocha wa Kusoma si Mtalii

Kuna mwandishi aliyechapisha hoja nyepesi kubeba: afisa anayezunguka shuleni kumsaidia mwalimu kufundisha kusoma, yaani kocha, ni gharama ya bure, wapeni walimu vitabu na semina, inatosha.

Tuanze na vitabu. Kenya, kupitia mpango wa Tusome ulioanza madarasani 2015, ililenga kila mtoto apate kitabu chake, na bado ikawapa maafisa wa mtaala vishikwambi vya kufuatilia vipindi. Au walitumwa kutalii?

Semina nayo? Siku chache ukumbini, chai na mandazi, kisha mwalimu anarudi kwa watoto 80. Akikwama Jumanne, mwezeshaji hayupo.

Lakini kituko ni dai lake kwamba mwalimu mzoefu hahitaji kuangaliwa. Mwandishi huyo na aketi dawati la nyuma. "Ba, be, bi, bo, bu," darasa zima linaimba, mwalimu anatabasamu. Kocha anamwita mtoto mmoja, anamwonyesha "bo" peke yake. Kimya. Mtoto kakariri wimbo, silabi haijui. Uzoefu wa miaka 20 haukuliona hilo, maana aliye mbele husikia kwaya, hamsikii mtoto mmoja mmoja.

Kweli, wapo makocha wanaosaini kitabu cha wageni na kuondoka. Ila afisa mwenye lundo la shule, pikipiki isiyo na mafuta na fomu za ofisini zisizokwisha, mlitaka aingie darasani saa ngapi? Mpunguzieni shule, mjazieni tangi, ndipo mumhukumu.