Barua si Mabua

Katika mkutano wetu mkuu uliopita alisimama mwenzetu mmoja, mwalimu wa siku nyingi, ambaye simtaji jina kwa kuwa namheshimu, akatoa pendekezo lililopigiwa makofi kuliko hoja nyingine zote za siku ile. Alisema kwamba kabati la chuma lililomo katika chumba cha katibu limejaa barua za tangu chama chetu kilipoasisiwa. Kwamba panya wamekwisha kufanya makao humo. Na kwamba ripoti za kila mwaka zimepigwa chapa, kwa hiyo hakuna haja ya barua. Zichomwe, chumba kipate nafasi. "Ripoti ndiyo nafaka," alisema, "barua ni mabua tu." Watu wakacheka. Mimi nilichelewa kunyosha mkono, na mwenyekiti akaahirisha shauri hilo mpaka mkutano ujao, litakapopigiwa kura. Naomba nafasi katika kurasa hizi nimjibu ndugu yangu kabla ya siku hiyo.

Ningeweza kumkumbusha kwamba mabua hulisha ng'ombe wakati wa kiangazi, na kwamba anayeyachoma shambani aghalabu huona kazi wakati huo ukifika. Lakini sitaki tushindane kwa mithali. Yeye mwenyewe alileta shahidi, na shahidi huyo ndiye ninayetaka kumhoji. Alisema tuitazame Taasisi ya Smithsonian ya Washington: taasisi ya elimu ya taifa kubwa, iliyojulikana ulimwenguni kote kwa vitabu na ripoti zake, wala si kwa barua za makarani wake. Laiti angechagua shahidi mwingine.

Taasisi hiyo ilianzishwa kwa mali ya mtu ambaye hakupata kukanyaga ardhi ya Marekani. James Smithson, Mwingereza, mtaalamu wa kemia na madini, alifariki Genoa mwaka 1829. Katika wasia wake alimwachia mali mpwa wake, na akasema kwamba mpwa akifa bila ya mtoto, mali yote iende kwa Marekani, ijengwe Washington taasisi ya kuongeza elimu na kuieneza miongoni mwa watu. Mpwa alikufa mwaka 1835 bila ya mtoto. Fedha, zaidi ya nusu milioni ya dola, ziliwasili mwaka 1838, na Bunge la Marekani likabishana juu yake kwa miaka. Huyu alitaka maktaba, yule chuo kikuu, wa tatu mahali pa kutazamia nyota. Sheria iliyopitishwa tarehe 10 Agosti 1846 ilijaribu kumridhisha kila mmoja, na kwa hiyo haikuamua jambo kubwa kuliko yote, yaani taasisi hiyo itakuwa kitu gani hasa.

Basi ni nani aliyeamua? Mwezi wa Desemba mwaka ule alichaguliwa katibu wa kwanza, Joseph Henry, mwalimu wa fizikia kutoka chuo cha Princeton, na kwa muda wa miaka 30 na zaidi aliamua yeye, kalamu mkononi. Aliwaandikia marafiki zake, kama Asa Gray, mtaalamu wa mimea, na Alexander Dallas Bache, mkuu wa kazi ya kupima pwani za nchi. Aliwaandikia wabunge, wapiga chapa, na watu wasiojulikana waliodai kuwa wamegundua hili na lile. Kuanzia mwaka 1849 alikusanya watu wa kujitolea katika majimbo mbalimbali, walimu na wakulima miongoni mwao, wapime joto, mvua na upepo kila siku na kumpelekea hesabu zao kwa posta. Katika muda wa miaka kumi hivi wakawa mamia. Idara ya serikali ya hali ya hewa, iliyoanzishwa mwaka 1870 chini ya jeshi, ilikuta njia imekwisha kufyekwa, na mwaka 1874 Henry aliikabidhi watu wake hao. Jengo zima la kazi hiyo lilisimama juu ya barua. Walimu wenzangu, msilipite jambo hilo haraka: mwalimu wa shule ya kijijini, akiwa na kipimajoto kimoja na kalamu, alikuwa mfanyakazi wa taasisi ya taifa, na waraka wake wa kazi ulikuwa barua.

Sasa tuje kwenye nafaka yake mwenzetu. Kitabu cha kwanza kilichotolewa na taasisi hiyo, mwaka 1848, kilikuwa cha Squier na Davis, juu ya vichuguu na maboma ya kale ya bonde la Mississippi. Ukikisoma utaona kitabu kilichotulia, kilichopimwa. Hutaona mvutano uliokitangulia, jinsi Henry alivyoshikilia kwamba dhana zisizo na ushahidi ziondolewe, na hata michoro mingine ikatwe, na jinsi Squier alivyochukizwa. Nafaka iko mbele yako, lakini namna ilivyopepetwa huijui. Na kule kupepeta, yaani kuamua kipi ni elimu na kipi ni uvumi, ndiyo iliyokuwa kazi hasa ya taasisi changa. Hali kadhalika ule ugomvi wa Henry na mkutubi wake, Charles Jewett, aliyetaka fedha za Smithson zijenge maktaba kubwa ya taifa. Mwaka 1854 Henry alimfukuza kazi. Ripoti hulisema jambo la namna hiyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunawa mikono. Barua huonyesha mikono kabla ya kunawa.

Nakuja kwenye moto, ambao mwenzetu ama hakuusoma, ama alidhani sisi hatukuusoma. Tarehe 24 Januari 1865, siku ya baridi kali, mafundi waliokuwa wakifanya kazi katika ukumbi wa picha waliweka jiko la kujipashia joto. Bomba la moshi wakaliingiza katika tundu la ukuta wakidhani ni dohani. Haikuwa dohani, ilikuwa nafasi tupu iliyopanda hadi chini ya paa. Moto ukafuka humo ndani kwa kificho, na ulipojitokeza ulikula sehemu ya juu ya jengo kuu. Ziliteketea picha za Wahindi Wekundu alizozichora John Mix Stanley. Viliteketea vitu na hati za Smithson mwenyewe, na ndiyo sababu mpaka leo hakuna awezaye kueleza kwa yakini kwa nini mtu yule aliipa mali yake nchi asiyoijua. Na ziliteketea barua: kurasa 35,000 za nakala za barua zilizotoka, nyingi zikiwa zimetungwa na Henry mwenyewe, na kurasa 50,000 za barua zilizoingia.

Najua atakalolijibu ndugu yangu. Atasema: "Waona? Zimeungua, na taasisi haikufa." Ni kweli haikufa, na ripoti zilizopigwa chapa zilibaki, tena nyingi. Kama ripoti zilitosha, mambo yangekwisha pale. Lakini katika miaka ya 1960 wataalamu wa Marekani walianza kazi ya kuzitafuta upya barua za Henry popote zilipotawanyika: katika maktaba za vyuo, katika majalada ya idara nyingine, kwa wajukuu wa watu waliopelekewa. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1972, na ya 11 mwaka 2007. Hesabuni miaka hiyo. Watu wenye akili timamu hawatumii miaka 35 kuokota mabua. Na tazameni walivyofanikiwa: hawakufanikiwa kwa sababu taasisi ilitunza vyema, bali kwa sababu waliopokea barua zile hawakuzichoma. Kila aliyezihifadhi sandukuni mwake, pengine bila ya kujua sababu, aliokoa kipande cha historia ya taifa lake.

Bado sijamtaja mtu ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki. Majalada ya Spencer Baird, msaidizi wa Henry, yalinusurika. Humo mna barua za Solomon Brown, mtu mweusi aliyezaliwa Washington mwaka 1829 akiwa huru, katika mji ambao ulikuwa bado na watumwa, na ambaye hakupata nafasi ya kusoma shule ipasavyo. Aliingia kazini Smithsonian mwaka 1852, akadumu humo hadi mwaka 1906. Baird alipokuwa mbali na Washington wakati wa joto, Brown ndiye aliyemwandikia habari za ofisini. Mwenzetu alisema kwamba hakuna aliyejali barua za makarani. Hizi ni barua za mtu aliyeanza chini kuliko karani, na leo zinatunzwa na taasisi ileile. Ukisoma ripoti peke yake utadhani kwamba taasisi ilijengwa na maprofesa tu. Ukisoma barua utakuta nani alifungua mlango asubuhi, na kwamba alikuwa na jicho la kuona na mkono wa kuandika.

Sisemi kwamba barua hupamba watu. Kumbukumbu za miaka ileile zaonyesha kwamba Henry alimkataza Frederick Douglass kuhutubia katika ukumbi wa taasisi mwaka 1862. Anayetaka kujua ukweli wa waasisi na aupokee wote. Na hapa, nadhani, ndipo penye kiini cha makofi yale tuliyoyasikia mkutanoni. Panya si hoja, panya hutegwa. Hoja ni kwamba ndani ya kabati lile mna ugomvi wetu. Mna barua za wale waliotaka chama kivunjwe, na za wale waliogombea vyeo. Mimi mwenyewe nimo. Miaka mingi iliyopita nilimwandikia katibu wa wakati ule barua ya hasira, ya kurasa tatu, nikimtuhumu jambo ambalo baadaye nilijua kuwa hakulitenda. Hakunijibu kwa ukali. Alinijibu kwa mistari minne, na nakala yake imo kabatini pamoja na yangu. Yeye amekwisha kufariki. Kabati likichomwa, aibu yangu itaungua, na uungwana wake nao utaungua.

Kwetu sisi walimu wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1930, ikahamia Nairobi mwaka 1942, ikaja Makerere mwaka 1952, ikaenda Mombasa, kisha ikarudi Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kila mara ilipohama alikuwapo mtu aliyesimama mbele ya masanduku akaamua lipi lipakiwe na lipi libaki. Kamusi ya mwaka 1939 tunayo. Hiyo ni nafaka, na tumeila sana. Lakini mwanafunzi anapouliza kwa nini neno hili lilikubaliwa na lile la pwani likaachwa, kwa nini tahajia hii na si ile, kamusi haimjibu. Kamusi hutoa hukumu bila ya kueleza kesi. Kesi ilikuwa katika barua za watu waliokuwa wakiulizana kutoka mji hadi mji, na tusipozipata tunabaki kumwambia mtoto kwamba ndivyo ilivyo. Mara ngapi tumesema hivyo darasani?

Kwa hiyo nitapinga pendekezo hili, na nawaomba wenzangu walipinge. Badala yake nitatoa jingine: zinunuliwe bahasha na majalada, barua zipangwe kwa miaka, na wanachama wawili wachaguliwe kuifanya kazi hiyo wakati wa likizo. Mimi niko tayari kuwa mmoja wao, na mwenzetu aliyetoa pendekezo, kwa kuwa anasoma mwandiko wa kila mtu, na awe wa pili. Fauka ya hayo, kila mwenye barua ya chama nyumbani kwake, hata ikiwa kipande tu, aje nayo mkutanoni. Mimi nitakuja na zile nilizopelekewa miaka ile. Ufunguo wa kabati anao katibu, na mtego wa panya nitauleta mwenyewe.