Majibu Mawili kwa Namba Zilezile

Wiki hii mwanafunzi mmoja wa uzamili alinigeuzia kompyuta yake, uso umemjaa wasiwasi. Namba nane zilezile, 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7 na 9, zilimpa michepuko sanifu miwili: maktaba ya programu iitwayo NumPy imesema 2, nyingine iitwayo pandas imesema 2.138 na ushei. Wala hakuna iliyokosea. Usipoiagiza vingine, NumPy hugawanya kwa nane, kana kwamba hizo ndizo namba zote zilizopo; pandas hugawanya kwa saba, ikizichukulia kuwa sampuli ya kundi kubwa zaidi. Tukaandika ddof=1 upande wa NumPy, yaani ipunguze moja kwenye kigawanyo, majibu yakalingana, naye akashusha pumzi. Mimi nazipenda maktaba hizi za programu. Sitamani mtu yeyote arudi kujitungia upya hesabu za matriksi ambazo mabingwa wa maktaba ya LAPACK walizikamilisha na kuanza kuzigawa bure mwaka 1992. Hiyo ni neema, na nawashukuru kwa dhati. Ila aazimaye jembe hupewa jembe, hapewi shamba: kujua kama data yako ni sampuli au ni kundi zima ni kazi yako wewe. Ndiyo maana nasema msimamizi anayesaini tasnifu bila kuuliza namba ziligawanywa kwa ngapi hajasimamia utafiti, amesimamia uchapaji. Na dawa haina gharama: sentensi moja kwenye sura ya mbinu, itaje maktaba iliyotumika, toleo lake, na kigawanyo kilichochaguliwa.