Brashi ya Waya Iondoke Jikoni

Watu wanapozungumza juu ya usafi wa nyama choma huanza na nyama yenyewe: imepimwa na bwana afya au haikupimwa, imechinjwa leo au imelala, imeiva hadi ndani au imeungua juu tu. Maswali hayo ni mazuri na yafaa yaendelee kuulizwa. Lakini mara chache sana mtu huinama akautazama wavu ambao nyama ile hulazwa juu yake. Mwezi huu twautoa ukurasa wetu kwa wavu huo, na twasema msimamo wetu tangu mwanzo: brashi ya waya haina nafasi jikoni, na vitu vya kuusafishia wavu kwa usalama tunavyo majumbani mwetu hapa Gairo, tena vingi havinunuliwi.

Gairo ni mji wa njiani. Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma inaupita, na hata zamani, ulipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kilosa kabla ya kuwa wilaya mwaka 2012, wasafiri walizoea kusimama hapa kunyosha miguu na kula. Kwa baridi na upepo wetu wa jioni, harufu ya mbuzi juu ya mkaa humvuta mtu bila kuitwa. Nasi nyumbani hatuko nyuma. Harusi, kipaimara, sikukuu ya somo wa parokia, hata kikao cha kawaida cha jumuiya kikipata mfadhili, jiko huwashwa. Wavu mmoja huweza kuazimwa na jumuiya tatu kwa mwezi, na kila anayeuazima huukuta na mafuta ya wenzake.

Hapo ndipo kazi ya kusafisha huangukia vijana. Kijana atafanya nini? Ataazima brashi ya waya kwa fundi wa kuchomelea vyuma, ile ya kuondolea kutu kwenye mageti na rangi kuukuu kwenye bodi za magari, au atanunua ya kwake duka la vifaa vya ujenzi. Atasugua kwa nguvu mpaka chuma king'ae. Akina mama watamsifu, nyama italazwa, na hakuna atakayefikiri zaidi.

Tuitazame brashi yenyewe. Ni kibao chenye mashimo, na katika kila shimo limebanwa fungu la nyuzi nyembamba za chuma. Kila brashi inaposuguliwa juu ya nondo, nyuzi hupinda. Zikipinda mara nyingi hukatika au huchomoka. Juu ya wavu wa moto wenye mafuta, uzi uliochomoka hunata. Hauonekani, kwa kuwa ni mwembamba na ni wa rangi ileile ya chuma kilichosuguliwa. Nyama ikiwekwa huukumbatia. Mlaji aliyezoea kutafuna mfupa wa mbuzi hatashangaa akihisi kitu kigumu mdomoni, na mara nyingi hahisi chochote mpaka anapomeza.

Pengine msomaji atasema haya ni maneno ya kutishana. Basi tutoe mfano ulioandikwa na madaktari. Huko Marekani, katika mji wa Providence, hospitali moja iliwapokea watu 6 kati ya Machi 2011 na Juni 2012 waliokuwa wamemeza nyuzi za brashi za kusafishia majiko ya kuchomea nyama. Watatu walikuwa na maumivu makali ya kumeza, na watatu maumivu ya tumbo. Wako ambao uzi ulikuwa umetoboa utumbo, wakahitaji kupasuliwa upesi. Wote walikuwa wamekula nyama iliyochomwa juu ya wavu uliotoka kusuguliwa kwa brashi ya waya. Serikali ya nchi hiyo ilitangaza habari hizo mwaka 2012 ili madaktari wengine waelewe wanapomwona mgonjwa wa namna hiyo. Mwaka 2016 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Missouri walikadiria kuwa kati ya mwaka 2002 na 2014 watu zaidi ya 1,600 nchini humo walifika katika vyumba vya dharura kwa sababu hiyo hiyo. Kwa nchi kubwa kama ile, hiyo si idadi ya kutisha, na hatutaki mtu aache kula nyama kwa ajili yake. Lakini mgonjwa wa Providence alikuwa jirani na mashine ya siti skani na daktari wa upasuaji. Mgonjwa wa kijiji cha Gairo ana safari ndefu ya kwenda Morogoro au Dodoma, na kabla ya hapo ana safari ya kufika barabarani.

Kuna jambo la kwetu linaloiongeza hatari hiyo, nalo ni tonge la ugali. Tangu utotoni tumefundishwa kuwa mtu akikwamwa na mwiba wa samaki ameze tonge kubwa bila kulitafuna, lisukume mwiba chini. Hata kwa mwiba wa samaki madaktari hawalipendi jambo hilo. Kwa uzi wa chuma ni baya zaidi, maana chuma hakilainiki, na tonge laweza kuuzamisha ndani ya nyama ya koo. Mtu aliyekula nyama choma kisha akahisi anachomwa kooni kila anapomeza, au mtoto anayetokwa na mate na kukataa kumeza, asipewe tonge, asipewe ndizi, asitiwe vidole kooni. Apelekwe kituo cha afya, na tamko la kwanza kwa mganga liwe hili: alikula nyama choma, na wavu ulisuguliwa kwa waya. Tumbo likianza kuuma sana siku moja au zaidi baada ya karamu, maneno ni hayo hayo. Mganga asipoambiwa atafikiri vidonda vya tumbo, au kidole tumbo, na wala si kosa lake. Eksirei ya kawaida yaweza kuupita uzi mwembamba bila kuuona. Siti skani huuona vizuri zaidi. Maneno machache ya mgonjwa humwezesha mganga kuamua mapema ampeleke wapi.

Sasa wapo wanaotoka upande mwingine kabisa wakisema: kwa nini kusafisha? Moto unaua kila kitu. Twakubali kwamba moto wa mkaa huua vijidudu, na wavu uliopashwa vizuri kabla ya kuweka nyama si rahisi kumwambukiza mtu. Ila moto hauyaondoi mafuta ya juzi yaliyooza na kugandamana. Huyageuza moshi mchungu na masizi yanayoganda juu ya nyama mpya, na wataalamu wamekwisha kuonya kwamba ndani ya masizi ya mafuta yaliyoungua zimo kemikali zinazoweza kuleta saratani kwa mwenye kuyala kwa muda mrefu. Mafuta hayo pia hushika moto ghafla yakamwunguza mchomaji nyusi. Na moto hauyeyushi uzi wa chuma.

Basi tufanyeje? Jambo la kwanza ni saa ya kusafisha, na hapa ndipo twaona kosa kubwa kuliko yote. Wengi huuacha wavu ulale, wakausafisha siku ya pili, au siku ya karamu nyingine, wakati mafuta yamekuwa kama lami. Ndiyo maana huhitaji brashi ya fundi! Wavu usafishwe usiku ule ule. Nyama ya mwisho ikiondoka, uachwe juu ya makaa kama dakika 10 au 15 mpaka mafuta yaache kutoa moshi na mabaki yawe makavu. Yatavunjika yenyewe ukiyagusa.

Halafu chukua gunzi. Sisi ni watu wa mahindi. Hakuna nyumba ya Gairo iliyokosa magunzi makavu nyuma ya jiko. Likate ncha moja liwe bapa, lifunge kwenye kijiti kirefu ili mvuke usikuunguze mkono, lichovye kwenye maji na kusugua nondo moja baada ya nyingine wavu ukiwa bado wa moto. Maji yakigusa chuma hupiga mvuke, na mvuke ndio unaobandua. Gunzi likichakaa, litupe motoni na uchukue jingine. Kipande cha ubao mgumu usiopakwa rangi wala dawa hufanya kazi hiyo pia. Kwa siku chache kitajichongea mifereji kwa joto la nondo, kikawa kama kimetengenezwa kwa ajili ya wavu ule ule. Wengine hutumia nusu ya kitunguu kwenye uma. Chafaa, ingawa kitunguu kikipanda bei twaona heri kiende kwenye kachumbari.

Wavu ukipoa kiasi cha kushikika, lete majivu. Bibi zetu walisugulia vyungu na masufuria kwa majivu kabla ya sabuni ya unga kufika, na walikuwa na sababu: majivu ya kuni yakikutana na maji na mafuta hufanya kitu kilicho ndugu wa sabuni. Yachekeche kwanza, maana majivu ya jikoni huficha misumari na vijiwe. Yasitoke kwenye jiko lililowashwa kwa plastiki au mbao za rangi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini chupa na vifungashio bado twaviona vikiwashia mkaa, na moshi wake na majivu yake si vitu vya kuwekwa karibu na chakula. Paka majivu kwa dodoki au kitambaa kilicholowa, sugua, suuza. Mwenye ngozi laini avae glovu, kwani majivu hukausha mikono, na watoto wasiyachezee karibu na macho.

Stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, nazo hukatika vipande. Kwenye sufuria mtu husuuza kwa maji mengi na kuviona. Kwenye wavu hunasa katika maungio. Tusizitumie hapo.

Juu ya maji ya kusuuzia tuna neno, kwa kuwa maji ya visima vingi vya Gairo yana chumvi. Kila mama anajua yanavyokataa sabuni. Chuma kilichosuuzwa kwa maji hayo kikaachwa nje usiku huamka na kutu. Kutu kidogo si sumu, lakini hukichimba chuma, na kila kishimo huwa hori la mafuta ya kesho. Kwa hiyo wavu usilowekwe. Usuuzwe upesi, ya mvua kama yapo, urudishwe juu ya makaa yanayozimika ukauke kabisa, kisha upanguswe kwa kitambaa cheupe. Twasema cheupe ili uchafu na kipande chochote cha waya kionekane. Mwisho upakwe mafuta kidogo ya alizeti ungali na joto. Ukifanya hivyo mara nyingi, chuma huwa cheusi na laini kama kikaango cha chapati cha siku nyingi: nyama hainati, kutu haishiki. Weusi huo si uchafu. Tumezoea kumsifu mwenye wavu unaong'aa, na sifa hiyo ndiyo inayowatuma vijana kwenye brashi ya waya.

Ndimu na chumvi vyasafisha, lakini visipooshwa vyote huleta kutu kuliko maji ya kisima. Kumwagia mafuta ya taa au petroli ili uchafu uungue, hapana; tumewahi kusikia hoja kwamba huungua yote, lakini mwenye kutoa hoja hiyo hakuwa ameshika kiberiti. Kostiki, ile soda kali ya watengeneza sabuni, yayeyusha mafuta kweli, na yayeyusha ngozi na koo la mtoto vilevile. Yasikitisha kuona nyumba zinazoihifadhi katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Dawa za kung'arishia nguo zisichanganywe na ndimu wala siki, kwani hutoa hewa ya klorini inayobana mapafu.

Neno moja kwa mafundi wetu wa kuchomelea. Wavu wa chakula utengenezwe kwa nondo au vyuma vizito vilivyolainishwa kwa msasa, vyenye nafasi ambayo gunzi litapita. Wavu wa kuku na waya wa uzio hupakwa zinki. Moto mkali huiunguza, na ndimu au siki ya viungo huiyeyusha iingie kwenye nyama, na mlaji huweza kutapika. Mafundi wanaochomelea mabati wanaijua homa ya moshi wa zinki kuliko sisi. Rafu za friji bovu nazo zisitumike, maana baadhi yake zimepakwa madini ya sumu. (Spoku za baiskeli za kuchomea mishkaki ni habari nyingine, tutaizungumza siku yake.)

Twapendekeza kila jumuiya inayoazima wavu wa parokia iurudishe umekaushwa na kupakwa mafuta, na mtunza stoo asiupokee vinginevyo. Kwa wenye vibanda barabarani, mteja anayo haki ya kuuliza wavu umesuguliwa kwa nini, kama anavyouliza bei. Na zile brashi za waya zilizomo stoo sasa zisichomwe wala kutupwa penye watoto; apewe fundi wa kuchomelea, ambaye ana kazi nazo kila siku.