Wingi wa Vijana Haujawahi Kutajirisha Nchi

Majukwaani, bungeni na kwenye vijiwe vya bodaboda inahubiriwa imani moja: Ulaya imezeeka, Tanzania imejaa vijana, kwa hiyo kesho ni ya Tanzania. Wanaoihubiri huuona wingi huu kuwa mtaji uliokwisha kupatikana, ambao unangoja tu muda ukomae. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake huonekana zaidi mahali ambapo watu wanaongezeka kwa kasi zaidi. Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa, ni mojawapo ya mahali hapo.

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Rukwa ukiwa na watu 1,004,539. Ile ya 2022 ikahesabu 1,540,519. Katika miaka kumi mkoa umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Sehemu ya ongezeko hilo ni wahamiaji, wakiwemo Wasukuma walioteremka na mifugo yao hadi Bonde la Ziwa Rukwa, lakini uzazi nao ni mkubwa. Kwa mwendo huo idadi ya watu hurudufika kwa takriban miaka 16. Mtoto anayezaliwa leo huko Mpui, Ufipa, atakuwa hajamaliza kidato cha nne, na mkoa utakuwa unadaiwa madarasa mara mbili ya yaliyopo, zahanati mara mbili, walimu mara mbili na visima mara mbili. Deni hilo lote likilipwa, hali itakuwa imebaki kama ilivyo leo.

Tena wengi wa wanaoitwa nguvu kazi bado ni watoto. Zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania waliohesabiwa mwaka 2022 walikuwa na umri wa chini ya miaka 15. Mtoto hula, huugua, husoma. Hazalishi, wala hatakiwi kuzalisha. Anayebeba gharama zake ni mtu mzima mwenye jembe, na kila anapoongezeka mtegemezi mmoja nyumbani, akiba ya kununulia plau, mbolea au bati hupungua. Taifa nalo liko hivyo hivyo. Mwaka 2023 uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 5.1, lakini watu nao wanaongezeka kwa takriban asilimia 3.2 kwa mwaka. Ukigawa kwa vichwa, ongezeko halifiki asilimia 2.

Wanaoipigia debe imani hii hupenda kutaja Asia Mashariki, na hapo ndipo wanapojikwaa. Wachumi David Bloom na Jeffrey Williamson walikadiria mwaka 1998 kwamba mabadiliko ya umri wa watu yalichangia hadi theluthi moja ya ukuaji wa ajabu wa uchumi wa eneo hilo. Neno la kuzingatia hapo ni mabadiliko. Mwaka 1960 mwanamke wa Korea Kusini alizaa wastani wa watoto sita; kufikia 1980 walikuwa chini ya watatu. Kizazi kikubwa kilichokwisha kuzaliwa kilikua, kikasomeshwa na kuingia kazini huku wadogo zake wakiwa wachache. Mikono ya kufanya kazi ikazidi kuwa mingi kwa kila mdomo wa kulisha, na familia zikaweza kuweka akiba zaidi. Kama wingi wa watoto peke yake ungeleta neema, Niger, ambako karibu nusu ya watu wako chini ya miaka 15, ingekuwa miongoni mwa nchi tajiri duniani. Ni miongoni mwa zile maskini kabisa.

Turudi Mpui, kwenye barabara ya lami inayounganisha Tunduma na Sumbawanga. Hapa wanalima mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Wafipa walivumbua zamani kilimo cha matuta ambayo ndani yake hufukiwa nyasi zioze na kurutubisha udongo, na kikawawezesha kuishi kwenye uwanda usio na rutuba nyingi. Wakati wa mavuno, malori hupakia magunia ya lumbesa, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi ya mkoa huu kwa ajili ya ghala la nchi nzima. Rukwa inalisha wengine.

Lakini watoto wake wengi wamedumaa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotakiwa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Njaa ya kukosa unga haielezi aibu hii. Mtoto hupewa uji mtupu wa mahindi, huku mayai na maharage yakienda gulioni kutafuta hela ya sabuni na daftari. Mama hushinda shambani na mtoto mwingine mgongoni, na mara nyingi mimba nyingine imeshaingia kabla aliyetangulia hajaacha kunyonya. Lishe inayokosekana katika siku 1,000 za mwanzo, tangu kutungwa mimba hadi miaka miwili, huathiri mwili na ubongo kwa namna ambayo shule haiwezi kuirudisha yote baadaye. Huu ndio mtaji unaosifiwa majukwaani.

Na mama mwenyewe mara nyingi ni binti mdogo. Utafiti huo huo uliiweka Rukwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mimba za utotoni: takriban asilimia 30 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au walikuwa wajawazito. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo Oktoba 2019. Binti aliyeolewa akiwa na miaka 15 anaondoka darasani, anaanza kuzaa mapema na anazaa wengi zaidi. Mbunge anayesifia vijana wetu huku akiiacha sheria hiyo bila kurekebishwa anajipinga mwenyewe.

Hoja ya upande wa pili ilisemwa kwa nguvu na hayati Rais John Magufuli, aliyesema Meatu mwaka 2018 kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wa kulisha watoto wao, na mwaka uliofuata akawahimiza wanawake wazae. Alikuwa na jambo la haki moyoni: mkulima anayejituma asinyanyaswe na wafadhili wanaomwona kama tatizo. Lakini Ufipa inaijibu hoja yake. Watu wa Mpui si wavivu, na chakula wanacho. Kinachopungua ni muda wa mama, nafasi darasani, ardhi ya kurithisha na fedha ya kumfikisha mtoto mbali. Mwalimu Julius Nyerere alilitambua hilo mapema. Alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969, aliwakumbusha wananchi kwamba kuongeza watoto kunakwenda na wajibu wa kuwalea na kuwasomesha. Ushauri huo ulitoka kwa mjamaa aliyejenga shule hadi vijijini.

Wengine husema watu wengi ni soko kubwa. Soko hupimwa kwa uwezo wa kununua. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina watu wengi kuliko Tanzania, na wingi huo haujaifanya kuwa nchi ya viwanda.

Hata hivyo, kumlaumu mzazi wa Mpui ni dhuluma. Anayelima kwa mkono anahitaji wasaidizi. Asiye na pensheni anategemea watoto uzeeni. Aliyeona watoto wakifa kwa malaria anazaa akiba. Uamuzi wake una mantiki, na hautabadilishwa kwa mahubiri wala kwa amri. Unabadilika pale mtoto anapokuwa na uhakika wa kuishi, binti anapobaki shuleni, na zahanati inapokuwa na muuguzi na dawa kila siku.

Mfano mzuri uko katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1961 mchumi James Meade aliionya Morisi kwamba wingi wa watu ungeizamisha. Wanawake wa kisiwa hicho walikuwa wakizaa karibu watoto sita kila mmoja. Serikali haikumlazimisha mtu. Ilipeleka huduma za uzazi wa mpango, na pia ikasaidia chama cha Wakatoliki kilichofundisha njia za asili zinazokubaliwa na Kanisa, jambo ambalo Rukwa, mkoa wenye Wakatoliki wengi, ingefaa kulitazama kwa makini. Wasichana walisomeshwa. Uzazi ulishuka kwa kasi, na viwanda vya nguo vya kuuza nje vilivyoanzishwa kuanzia 1970 vikaajiri maelfu ya wanawake. Leo Morisi ni miongoni mwa nchi zenye kipato kikubwa zaidi kwa kila mtu Afrika. Jirani zaidi, mwanamke wa Kenya wa mwishoni mwa miaka ya 1970 alizaa wastani wa watoto wanane. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4.

Uzazi ukishuka, kazi inabaki nusu. Tunisia ilishusha uzazi, ikasomesha vijana, kisha ikawaacha mitaani bila ajira, na Desemba 2010 ghadhabu yao ikalipuka. Sumbawanga kwa miaka mingi ilitegemea umeme wa kununua kutoka Zambia, na mahindi yake mengi huondoka yakiwa punje. Kijana wa Mpui atakapokuwa na watoto wawili badala ya sita, bado atahitaji kinu cha kukamua alizeti, kiwanda cha kusaga na kufungasha unga wenye lishe, na bei ya mazao isiyovurugwa na maamuzi ya ghafla ya kufunga mpaka. Bila hivyo, nafasi ya kuwa na wafanyakazi wengi na wategemezi wachache itafunguka na kufungwa bure. Korea Kusini, ambayo mwaka 2023 ilifikia wastani wa watoto 0.72 kwa mwanamke, inaonyesha kwamba nafasi hiyo haidumu.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 inataka uchumi wa dola trilioni moja ifikapo mwaka huo. Watoto waliopimwa urefu mwaka 2022 watakuwa na miaka kati ya 28 na 33 mwaka 2050. Wao ndio watakaotakiwa kuzalisha hiyo trilioni. Kwa Rukwa, karibu nusu yao walikwisha kudumaa walipofikiwa na wapimaji. Kwa hiyo kipimo cha kila bajeti ya halmashauri na ya taifa kiwe hiki: imetenga kiasi gani kwa lishe ya watoto walio chini ya miaka miwili, imewabakiza wasichana wangapi shuleni hadi kidato cha nne, na imehakikisha zahanati ngapi hazikosi dawa za uzazi wa mpango. Bunge nalo lirekebishe Sheria ya Ndoa katika kikao kijacho. Hukumu ya mwisho ya mahakama imekuwepo tangu 2019, na wasichana waliokuwa darasa la nne mwaka huo sasa wamefika umri ambao sheria hiyo inaruhusu waozwe.