Muuguzi na Mlezi: Neno Moja



Tunapopima watoto uzito kliniki, mara nyingi hutokea mama akatuambia kwa sauti ya chini, "Huyu si wangu, nesi, namlea tu." Neno hilo "tu" linatusikitisha. Mwezi huu tumeona tuwaletee neno kutoka lugha ya mbali, Kiayalandi, tulitafakari pamoja.

Kwa Kiayalandi muuguzi huitwa altra. Mzizi wake ni kitenzi cha kale chenye maana ya kulisha na kukuza, ndugu wa neno la Kilatini alere. Kwenye mzizi huohuo limechipuka neno altram, yaani kumlea mtoto aliyezaliwa na mwingine. Basi muuguzi na mlezi ni matawi ya shina moja.

Zamani altram haikuwa kwa yatima peke yao. Hata wenye uwezo walipeleka watoto wao kulelewa katika nyumba nyingine, na sheria za karne ya 7 na ya 8 ziliweka taratibu zake. Wapo walezi waliolipwa, na wapo waliolea kwa upendo bila malipo. Mtoto wa mtu wa kawaida alifundishwa kuchunga wanakondoo na kupasua kuni, na binti kusaga nafaka na kukanda unga. Watoto wa wakubwa walijifunza kupanda farasi na kuogelea, na mabinti zao kushona na kutarizi. Hata uji ulitofautiana: wa mtu wa kawaida ulitiwa siagi ya chumvi, wa mkubwa siagi mpya, na wa mwana wa mfalme asali! Hilo tusiliige. Watoto wa nyumba moja wale chungu kimoja.

Lakini tazameni jambo hili. Mlezi wa kiume aliitwa aite na wa kike muime. Hayo yalikuwa majina ya mapenzi, kama mtoto mdogo anavyoita baba na mama. Na mlezi alipozeeka, yule aliyemlea alipaswa kumtunza. Malezi yalikuwa deni la heshima.

Desturi ile imepita, maneno yamebaki. Aite limekuwa oide, na leo maana yake ni mwalimu. Dalta, mtoto wa kulelewa, leo ni mwanafunzi. Comhalta, aliyelelewa pamoja nawe, leo ni mwanachama mwenzako.

Kwa nini tunayasema haya? Mama mmoja alikaa na mtoto wa marehemu dada yake siku mbili anaharisha, asimlete. Aliogopa watu watasema hamtunzi kwa kuwa hakumzaa. Alipofika, mtoto alikuwa amelegea, macho yameingia ndani. Tunashukuru alipona, lakini siku mbili kwa mtoto mdogo ni nyingi mno.

Dada mpendwa, usione haya. Wewe ndiwe uliyeamka usiku, unajua homa ilianza lini na amekunywa maji kiasi gani. Hayo ndiyo tunayoyahitaji. Njoo mapema, ulete na kadi yake, utuambie, "Nimemleta mwanangu." Nasi wauguzi tusimuulize mtu nani alizaa kabla ya kumpokea mgonjwa. Kulisha na kukuza ndiyo kazi yetu sote.

Tukutane mwezi ujao.