Rubani, Usukani na Mgonjwa

Tuseme ndege ndogo yenye viti sita imeondoka Dodoma asubuhi kuelekea Dar es Salaam. Rubani yu peke yake, na abiria ni wanne. Ndege imekwisha panda hadi kimo cha mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo inakwenda kilomita 240 kwa saa, yaani kilomita 4 kwa kila dakika. Zikiwa zimebaki kilomita 70 kufika Morogoro, mzee aliyeketi kando ya rubani anaanza kutokwa na jasho, anashika kifua, kisha kichwa kinamwinamia. Abiria wa nyuma wanapaza sauti: "Rubani, mzee anakufa! Mwangalie!" Rubani anamtupia jicho mara moja tu, kisha anarudisha macho mbele.

Mtu asiyejua anaweza kumhukumu rubani huyo kuwa hana utu. Maoni yangu ni kwamba ametenda lililo sahihi, na kwamba elimu ya kulielewa jambo hilo imo tayari katika masomo ya fizikia na baiolojia yanayofundishwa katika shule zetu za sekondari, ingawa mara nyingi huishia ubaoni.

Katika ndege nyingi za aina hiyo, kiti cha mbele cha abiria nacho kina usukani na pedali zilizounganishwa na zile za rubani. Mtu aliyezimia akiangukia usukani huo, pua ya ndege huinama. Mwenye kifafa akikaza miguu juu ya pedali, ndege huyumba upande. Kwa hiyo amri ya kwanza ya rubani haihusu dawa. Huwaambia walio nyuma wamshike mgonjwa mabegani, wamvute nyuma, wakaze mkanda wa bega, na kiti kisogezwe mbali na usukani. Hapo tu ndipo yafaa kuuliza kama mgonjwa anapumua, na kulegeza ukosi wa shati lake. Mikono ya kufanya kazi hiyo ni ya abiria, kwa maana ya rubani haipo.

Sasa tuitazame hewa yenyewe. Katika usawa wa bahari, kanieneo ya hewa huweza kuinua zebaki milimita 760, na kwa kuwa oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa, sehemu yake ni milimita 160 hivi. Kwenye kimo cha mita 3,000 kanieneo hushuka hadi milimita 526, na sehemu ya oksijeni huwa milimita 110 tu. Asilimia haikubadilika hata kidogo. Kilichopungua ni nguvu ya kuisukuma oksijeni iingie katika damu. Kijana mwenye afya huenda asihisi lolote. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye upungufu wa damu, au mwenye selimundu, ambaye chembe zake nyekundu hujipinda oksijeni ipungukapo, huweza kuzidiwa katika kimo hicho hicho ambacho jirani yake anasinzia kwa raha. Ndege ndogo nyingi hazina chumba kilichofungwa na kujazwa hewa kama ndege kubwa. Basi, mahali pasipo na mtungi wa oksijeni, dawa ambayo rubani anayo ni kushuka.

Kushuka nako kuna hesabu yake. Mwendo wa kushuka ambao masikio ya watu wengi huuvumilia ni mita 150 hivi kwa dakika. Kwa Kanuni ya Boyle, hewa iliyojaa lita 1 usawa wa bahari hufikia karibu lita 1.4 katika mita 3,000. Ndege ishukapo hewa hiyo husinyaa tena, na sikio lililoziba kwa mafua huuma vibaya sana. Kiwanja cha Morogoro kiko kiasi cha mita 500 juu ya bahari. Kushuka mita 2,500 kwa mwendo huo huchukua karibu dakika 17, na katika dakika 17 ndege yetu hukata kilomita 68. Maana yake ni kwamba rubani aliyeko kilomita 70 kutoka Morogoro, mji wenye kiwanja na hospitali ya mkoa, anapaswa kuamua papo hapo. Akitumia dakika tano kumpapasa mgonjwa, atakuwa amepoteza kilomita 20. Wala hawezi kuporomoka ovyo, kwa kuwa milima ya Uluguru iliyo karibu na mji huo inapita mita 2,600.

Kuna swali jingine ambalo mganga wa ardhini hana haja ya kujiuliza: je, anaumwa huyu peke yake? Ndege nyingi za injini ya pistoni hupasha joto chumba cha abiria kwa hewa inayozunguka bomba la moshi. Bomba likipasuka, kaboni monoksidi huingia, nayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ikiwa abiria wawili wanalalamika kichwa na kichefuchefu, rubani hufunga kipasha joto na kufungua matundu ya hewa safi upesi, kwani mgonjwa wa tatu huenda akawa yeye.

Katikati ya hayo yote kuna redio. Rubani hutamka "Pan-pan" mara tatu kutangaza dharura, au "Mayday" mara tatu ikiwa hatari imefika shingoni. Neno hili la pili lina asili ya Kifaransa chenye maana ya "nisaidieni". Mwongoza ndege huweza kuwaondoa wengine njiani na kuita gari la wagonjwa. Ndiyo maana napenda abiria wa mbele aonyeshwe, kabla ya kuruka, kitufe cha kusemea. Mwezi Mei 2022, huko Florida, Marekani, rubani wa Cessna Caravan alizidiwa na maradhi angani. Abiria asiye rubani aliongozwa kwa redio hadi akaitua ndege salama.

Huduma ya madaktari wa ndege ya Australia ilipoanza mwaka 1928 katika mji wa Cloncurry, daktari alikuwa mmoja na rubani alikuwa mwingine. Kwetu Afrika Mashariki, Michael Wood, mmoja wa waanzilishi wa AMREF mwaka 1957, alikuwa mpasuaji na rubani pia, na vivyo hivyo Anne Spoerry alikuwa daktari na rubani. Lakini hata mtu wa namna hiyo, akiwa peke yake na usukani, hana mkono wa tatu.

Naomba basi walimu wa fizikia na wa baiolojia waingie darasani pamoja, walau kipindi kimoja. Wanaweza kuanza na mzee wetu: kama angezidiwa ndege ikiwa katikati ya Morogoro na Dar es Salaam, umbali wa kilomita 170 hivi, rubani angegeuka au angeendelea? Wanafunzi wapewe kimo, mwendo na mahali hospitali zilipo, na wapewe dakika moja tu ya kujibu.